Kompyuta bila ekra: shida ni kimya, haiko giza



Kwenye ukurasa huu tumezoea kuchambua vitabu, filamu, na mara nyingine hotuba za wakubwa. Leo naomba nichambue kitu ambacho kila mmoja wetu anakitumia lakini hakuna anayekikosoa: kompyuta. Sitaki kusema ipi ina nguvu kuliko ingine. Nataka kuichambua nikiwa mtu ambaye haioni.

Nilisomea agronomia. Glokoma ilianza kuninyang'anya macho kutokea pembeni nikiwa mwaka wa pili, na siku ya kutetea kazi yangu ya lisansi, iliyokuwa juu ya maharage na mbolea, nilikuwa naona mwanga tu. Leo hata ule mwanga hakuna. Lakini naandika maneno haya mwenyewe, kwenye mashini yangu, na mashini yenyewe haina ekra hata moja.

Niliinunua kwa fundi mmoja hapa Bukavu. Ilikuwa laptopu ya okazyo, ekra imepasuka, inaonyesha mistari tu. Aliomba dola 60. Akaniuliza kwa upole: «Mukubwa, hii ekra imekufa. Sasa utaonea wapi?» Nikamjibu: «Hata ingekuwa mzima, singeonea.» Akacheka, kisha akanyamaza, kisha akapunguza dola 10. Ile huruma sikuipenda, lakini zile dola 10 nilizichukua.

Yule fundi alikuwa anafikiri kama watu wengi, kwamba ekra ndiyo kompyuta. Haiko hivyo. Ekra ni mlango mmoja tu wa kutolea habari, sawa na spika au mashini ya kuchapa. Kazi yote inafanyika ndani, iwe ekra inawaka au imezimwa. Ukiweka programu inayosoma kwa sauti maandishi na vitufe vyote vilivyo kwenye dirisha, mtu anafanya kazi kwa klaviye na masikio. Kipanya hakihitajiki. Na kwetu huku, ambako umeme unakuja na kuondoka unavyotaka, kuna faida nyingine: ekra ni kati ya vitu vinavyokula batri sana kwenye laptopu. Usiku mtaa mzima ukiwa gizani na mashini za wenzangu zimekwisha kuzimika, yangu bado inasema.

Basi kama nataka kuhukumu kompyuta, siwezi kuihukumu kwa giza. Giza ni langu, na nimelizoea. Naihukumu kwa kimya chake. Tangu ninapobonyeza kitufe cha kuiwasha mpaka ninapoanza kazi, ni wapi inanyamaza? Na katika kile kimya, nani anaamua badala yangu?

Swali hilo la pili ndilo lililonifanya niandike. Kabla ya kupata mashini hii, mdogo wangu wa kike ndiye alikuwa macho yangu. Alikuwa na neno langu la siri, alinisomea barua pepe, aliandika majibu yangu. Hakuna mtoto mwenye moyo kama yule. Siku moja nilikuwa nangoja jibu la kazi niliyoomba kwenye mradi mmoja wa kilimo. Kila jioni nilimuuliza, na kila jioni alisema: «Yaya, habayajibu.» Siku ya nne akaanza kulia. Jibu lilikuwa limefika tangu siku ya kwanza. Walinikataa. Alinificha kwa siku tatu juu hakutaka kunivunja moyo.

Sikumkasirikia. Lakini usiku ule nilielewa jambo: mtu anayesomewa kila kitu anapokea maisha yake yakiwa yamekwisha kuchujwa. Hata upendo ni kichujio. Nikaamua kwamba barua mbaya zinazokuja kwa jina langu, mimi ndiye nitakuwa wa kwanza kuzisikia.

Sasa tuingie kwenye uchambuzi wenyewe.

Kimya cha kwanza kiko mwanzoni kabisa. Kabla Windows haijaanza, kuna ile sehemu inayoitwa BIOS, ambako unaiambia mashini ianzie kwenye diski au kwenye flashi. Pale hakuna sauti. Hakuna programu ya kusoma inayoweza kuingia, kwa sababu programu zote bado zimelala. Miaka yote hii kompyuta zimejifunza kutambua sura na vidole vya mwenyewe, lakini mlango wa kwanza wa nyumba bado ni bubu. Mimi nilifanyaje? Jirani alileta televisheni yake, tukaiunganisha kwa kamba ya HDMI, akanisomea yaliyo pale. Nikahesabu: F12, mshale wa chini mara mbili, Enter. Nikakariri kama mtu anayekariri namba ya simu. Lakini siku nilipochomeka flashi kwenye tundu lingine, orodha ilibadilika, na mara mbili zangu zikanipeleka kusikojulikana. Kwa watengenezaji wote, hapa nawapa sifuri. Hata mlio mmoja kwa kila mstari ungesaidia.

Kimya cha pili ni wakati wa kuweka mfumo. Hapa ni lazima tuwe wa haki, maana kuna hatua iliyopigwa. Ukianzisha usakinishaji wa Windows 10 au 11 kutoka kwenye flashi, unangoja kidogo, kisha unabonyeza Ctrl, Windows na Enter pamoja, na Narrator, msomaji wa Windows wenyewe, anaanza kusema. Ni jambo zuri kabisa. Lakini kwangu halikusema kitu mara ya kwanza. Nilibonyeza, nikangoja, nikabonyeza tena. Kumbe mashini ilikuwa haijapata programu ya kuendesha kadi yake ya sauti. Narrator huenda alikuwa anaongea vizuri sana, lakini hana mdomo. Dawa niliipata kwa bahati: ekuteri za USB. Hizo zinabeba kadi yao ndogo ya sauti ndani, na mfumo mara nyingi unazitambua bila kuomba kitu. Kama kuna kitu kimoja cha kununua kabla ya kuanza, ni hizo.

Wenye Linux walilifikiria jambo hili kwa namna inayonifurahisha zaidi. Debian inapofika kwenye orodha yake ya kuanzia, inapiga mlio mfupi. Mlio ule unakuambia: nimefika, niko hapa, nakungoja. Unabonyeza herufi s, kisha Enter, na usakinishaji wote unaendelea kwa sauti, swali kwa swali. Ni mlio tu, lakini aliyeuweka alijua kwamba upande ule mwingine anaweza kuwa mtu ambaye haoni. Kwa adabu ya mlangoni, Debian inashinda Windows. Kwa kazi yangu ya kila siku, hapana, maana faili zote ninazopewa ni za Excel, na Excel iko nyumbani kwake ndani ya Windows. Mkosoaji lazima aseme yote mawili.

Kimya cha tatu karibu kinitoe machozi. Wakati wa kuweka Windows, klaviye ilikuwa imepangwa kwa Kiingereza, QWERTY. Mimi vidole vyangu vilijifunza AZERTY tangu shuleni, kama karibu sisi wote. Nikaandika neno la siri. Unapoandika neno la siri programu haitamki herufi, inasema tu «nyota, nyota, nyota», na ni sawa, juu mtu wa pembeni asisikie. Baadaye nikabadilisha lugha kuwa Kifaransa, nikazima, nikalala na furaha. Asubuhi mashini ikanikataa. Vidole vilipiga palepale, lakini a ya jana leo ilikuwa q. Nilipoteza siku nzima mpaka kuelewa. Tangu pale nina sheria: kabla ya kuunda neno la siri, andika kwanza jina lako mahali panapotamkwa, sikiliza kila herufi. Na kama zimechanganyika, Windows na kitufe kirefu cha nafasi vinabadilisha mpangilio.

Siku ile mlango ulipofunguka, kitu cha kwanza nilichofanya ni kubadilisha neno la siri. Mdogo wangu alikuwa ameketi karibu. Akaniuliza: «Yaya, njo gani sasa?» Nikamwambia: «Sikuambii.» Tukacheka wote wawili. Nadhani yeye ndiye aliyepumua zaidi.

Sasa tufike kwa programu yenyewe ninayoitumia, NVDA. Ilianzishwa mwaka 2006 na Michael Curran, kijana wa Australia ambaye haoni, akiungwa mkono na rafiki yake James Teh, naye haoni. Walifahamiana tangu utoto kwenye kambi ya muziki ya watoto wasioona. Sababu yao ilikuwa nyepesi kuelewa: kwa nini mtu asiyeona alipe pesa nyingi juu ya bei ya kompyuta, ili tu aweze kuitumia kama wengine? Wakaamua programu yao itakuwa ya bure. Kabla yao jina kubwa lilikuwa JAWS, iliyoanzishwa na Ted Henter wa Marekani, naye alipoteza macho kwenye ajali ya gari. JAWS ni programu nzuri, lakini ni ya kulipia, na usipolipa inakupa dakika 40 tu, kisha inataka uwashe mashini upya. Niliijaribu. Fikiria uko katikati ya jedwali la wakulima 300, na katikati ya mstari msomaji wako anakuaga.

NVDA naipa alama nyingi. Ni nyepesi, inakaa hata kwenye flashi, kwa hiyo naweza kuiwasha kwenye mashini ya mtu mwingine. Ikianza inapiga mlio wa kupanda, na nikipotea nabonyeza Ctrl, Alt na N, inarudi. Kwenye Excel inaniambia niko kwenye kisanduku gani na kuna nini ndani. Hivi ndivyo ninavyofanya kazi leo: ushirika mmoja wa kahawa unanitumia kilo za matunda mekundu ambazo kila mwanachama ameleta, mimi najumlisha, natafuta makosa, narudisha ripoti. Mara mbili nimekuta mkulima ameandikwa mara mbili kwa majina yaliyopinduliwa. Mwenye macho alipita juu yake kwa sababu jicho linaruka. Sikio linapita mstari kwa mstari, halina njia ya kuruka.

Lakini NVDA nayo ina kimya chake, na hiki kinatuhusu sisi. Inakuja na msemaji mdogo anayeitwa eSpeak NG, ambaye anajua lugha nyingi, na Kiswahili kimo. Sauti yake ni kavu, ni ya bati kabisa, lakini inatamka. Shida ni kwamba sisi watu wa Kivu hatuandiki lugha moja. Kwenye ujumbe mmoja mtu anaanza na Kiswahili, anaingiza Kifaransa, anamaliza na Lingala. Programu inaweza kubadilisha sauti yenyewe kama maandishi yana alama ya lugha ndani, lakini jumbe zetu hazina alama hiyo. Basi nasikia Kifaransa kinachosomwa kama Kiswahili, kila herufi ikitamkwa. Nikiweka sauti ya Kifaransa, ni Kiswahili ndicho kinavunjika mifupa. Nimezoea, sasa ninaelewa vyote viwili. Lakini hapo ninyi mliosoma informatike mko na kazi ya kweli ya kufanya, na hakuna mtu wa Australia atakayeijua kuliko ninyi.

Kuhusu mashini yenyewe, nitoe masomo mawili kwa atakayejaribu. La kwanza: usikubali fundi aondoe kifuniko chote cha laptopu. Mimi nilikubali, nikitaka iwe ndogo na nyepesi. Siku ileile Wi-Fi ikawa dhaifu kama ya mtaa wa tatu. Kumbe kwenye laptopu nyingi nyaya za antena zimepita ndani ya kifuniko, kandokando ya ekra. Nilirudi, fundi akazichomoa nyaya kutoka kwenye kile kifuniko, akazibandika pembeni ya mashini kwa skochi. Zinafanya kazi mpaka leo. La pili: mashini isiyoona ekra yoyote inaweza kujipa dirisha dogo sana, na kwenye Excel vikundi vya amri vinajikunja, njia za vitufe ulizokariri zinaongezeka hatua. Kuna kidude kidogo kinachochomekwa kwenye tundu la HDMI ambacho kinaidanganya mashini kwamba kuna ekra. Ni uongo mdogo unaosaidia.

Wengine wataniuliza: na macho yako hayarudi, kwa nini usibaki na ekra ya kawaida ili watu wakusaidie? Jibu langu: msaada ninautaka, na nimeupata kwa jirani, kwa fundi, kwa mdogo wangu. Lakini kuna tofauti kati ya kuomba msaada siku ya BIOS na kuomba msaada kila siku ya maisha. Kule shuleni tulifundishwa kupima udongo kwa vidole: unaulowesha, unauvingirisha, unausikia kama ni mfinyanzi au mchanga. Hakuna profesa aliyesema kwamba vidole ni njia ya maskini. Vilikuwa njia, basi.

Sasa nifike kwenye kimya kikubwa kuliko vyote. Hakiko kwenye BIOS, hakiko kwa Microsoft. Kiko hapa kwetu.

Miezi michache iliyopita mtu aliweka kwenye kundi la wahitimu tangazo la kazi. Mtaalamu wa kilimo, mwenye lisansi, ajue Excel na ripoti. Kazi yangu kabisa. Lakini tangazo lilikuwa picha: mtu alipiga karatasi iliyobandikwa ukutani, akaituma bila neno hata moja. Simu yangu ilisema: «Picha.» Baada yake zikaja jumbe 14 za «asante kaka» na «Mungu akubariki». Nilidhani ni picha ya harusi. Nilijua ukweli wiki mbili baadaye, tarehe ikiwa imepita.

Sisemi wangenichukua. Pengine wangenikataa kama wale wa kwanza. Lakini kukataliwa ni haki yangu pia! Pale sikukataliwa, sikuwepo tu. Mashini yangu niliyohangaika nayo, BIOS niliyoikariri, antena za skochi, vyote vilikuwa tayari, na vikafika kwenye ukuta uliojengwa na mwenzangu bila kujua.

Na haiko tangazo lile peke yake. Kazi nyingi za wanafunzi zinazozunguka kati yetu ni karatasi zilizochapishwa, kisha zikapigwa skani. Kwa jicho ni PDF. Kwa NVDA ni ukurasa mtupu. Kuna programu zinazojaribu kuyatoa maandishi ndani ya picha, na ninazitumia, lakini karatasi ikiwa imepinda au ina kivuli cha mkono, zinatoa uji. Jedwali la mavuno linatoka likiwa limechanganyika, na takwimu iliyochanganyika kwa mtu wa kilimo ni mbaya kuliko kukosa takwimu.

Kwa hiyo hukumu yangu iko hivi. Watengenezaji wa kompyuta wana deni la mlango wa kwanza. Windows imefanya vizuri ikichelewa, Debian imefanya vizuri mapema, NVDA imefanya kile ambacho wenye pesa walipaswa kukifanya. Lakini kati ya mashini na sisi, leo ni mashini ndiyo inayojitahidi zaidi kuongea na mimi.

Ombi langu ni dogo na halina gharama. Ukituma picha ya tangazo, andika chini yake mistari mitatu: kazi gani, wapi, mwisho lini. Ukimaliza kazi yako kwenye Word, ihifadhi moja kwa moja kama PDF, usiichapishe ili uipige skani tena. Na kama kwenye mtaa wako kuna mtu asiyeona ambaye alisoma, na kuna laptopu ya ekra iliyokufa inayokula vumbi kwa fundi, wakutanishe. Mimi niko tayari kuja na flashi yangu na ekuteri za USB. Televisheni ya siku ya kwanza, tutaazima kwa jirani.